Shangazi Nijibu: nataka kumwandikia mwigizaji wa jukwaani na anisainie, nianzie wapi?

Habari zenu wasomaji wangu wa kusini na kwingineko. Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza kwa mstari mmoja tu kama waigizaji wa jukwaani huwa wanasomaga barua za mashabiki, nikamjibu kwa kifupi kwamba ndio wanasoma. Basi tangu hapo maswali yamemiminika, ya meseji, ya karatasi zilizoletwa na makonda wa mabasi, mpaka watu wananisimamisha sokoni. Kwahiyo mwezi huu ukurasa wote ni wa hilo, ya ndoa na ya wakwe tutayarudia mwezi ujao. Naongelea wale wanaosimama laivu mbele ya watu, sio wa filamu wala wa tamthilia za TV, njia ya kuwafikia ni tofauti kabisa.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi niko kidato cha nne hapa Lindi mjini. Kuna mwigizaji wa ule mchezo wa kuimba wa The Lion King unaochezwa London, nimeona vipande vyake YouTube mpaka nyimbo nimezishika, kuna pale anamaliza kuimba anabaki anaangalia juu kimya kabla hajageuka, hapo narudia kila siku. Nimemtumia DM hajajibu. Nataka nimwandikie barua na anisainie. Naituma wapi, na atanirudishiaje wakati sina hela ya kulipia barua ya kurudi?
Kijana wa Mtanda, Lindi

Marahaba mwanangu. DM iache kwanza, sio kwamba ni mbaya, ila mtu mwenye wafuasi maelfu akifungua simu anakuta meseji zimejazana hajui aanzie ipi, na nyingi zinaangukia kwenye lile folda la maombi ambalo wengine hawalifungui kabisa. Karatasi ina njia yake. Nyumba za maonyesho kule London zina mlango wa nyuma au wa pembeni ambao wasanii na mafundi ndo wanaingilia, wanauita Stage Door, na pale mlangoni kuna mtu wa zamu, kazi yake kujua nani kaingia nani katoka, na barua za wasanii zikija anazipokea yeye anazipanga kwa majina. Sasa mwigizaji wa mchezo kama huo anakuwa na maonyesho 8 kwa wiki, yaani karibu kila siku anapita mbele ya huyo mtu. Kwahiyo juu ya bahasha andika jina la mwigizaji mwenyewe, sio la mhusika anayemuigiza, usije ukaandika Mufasa, chini yake Stage Door, halafu Lyceum Theatre, 21 Wellington Street, London WC2E 7RQ, United Kingdom.

Mchezo huo uko kwenye nyumba hiyo tangu 1999 kwahiyo hauhami kesho wala keshokutwa, ila watu wake wanabadilika, mkataba ukiisha mtu anaondoka anakuja mwingine. Ndo maana kabla hujaenda posta ingia kwenye tovuti ya mchezo uangalie orodha ya waigizaji wa sasa ivi, maana hicho kipande unachokipenda kinaweza kuwa cha miaka mingi nyuma na mwenyewe yupo kwenye mchezo mwingine kabisa. Ukikuta kaondoka usikate tamaa, tafuta wakala wake. Waingereza wana kitabu cha waigizaji kinaitwa Spotlight, kipo tangu 1927 na siku hizi kiko mtandaoni, na waigizaji wengi wanaweka jina la wakala hata kwenye wasifu wao wa Instagram. Unaandika jina la mwigizaji halafu kwa kupitia ofisi ya wakala, wao wanamfikishia, ila inachukua muda zaidi.

Na muda ndo kitu wengi hawakifikirii. Sio michezo yote inakaa miaka. Lupita Nyong'o wa hapo Kenya jirani alipocheza Broadway, kwenye zile nyumba kubwa za maonyesho kule New York, kwenye mchezo wa Eclipsed, ulifunguliwa rasmi Machi 6, 2016 ukafungwa Juni 19 mwaka huohuo. Alivyorudi jukwaani kwenye mchezo wa Shakespeare pale bustani ya Central Park, ilikuwa Agosti mpaka katikati ya Septemba 2025, basi, kwisha. Ukisikia habari mwezi wa kwanza wa mchezo, ukajivuta, ukaandika mwezi wa pili, barua ikitoka Lindi kwenda Dar kwenda huko, inafika nyumba imeshaingiwa na kundi lingine. Na huku kwetu usisahau masika, Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyopita si mliona barabara ya Dar ilivyokatika kule Somanga na magari yakalala njiani. Kama mchezo ni wa miezi michache andika wiki hiyohiyo uliyousikia.

Tuje kwenye barua yenyewe, hapa nataka unisikilize vizuri. Watu wengi wanaandika nakupenda sana, wewe ni bora, naomba picha, wanafunga bahasha. Barua ya hivo haina mtu ndani, inaweza kwenda kwa msanii yeyote duniani. Mwigizaji wa filamu akitaka kujiona anajirudisha nyuma anajitazama, lakini wa jukwaani alichokifanya jana usiku kimeishia jana usiku, yeye mwenyewe hakukiona, alikuwa ndani yake. Anabaki na kile watazamaji walichokiona. Kwahiyo we ukimwambia ulichokiona umempa kitu ambacho hana na hawezi kukipata kwa njia nyingine. Hiyo uliyoniandikia mimi, kwamba anamaliza kuimba anabaki anaangalia juu kimya kabla hajageuka, ndo hiyo hiyo mwandikie, mwambie na kwanini unairudia, unasikia nini moyoni ikifika hapo. Halafu kidogo kuhusu wewe, uko kidato cha nne, mji wako uko pwani kusini mwa Tanzania, mnaimba hizo nyimbo na wenzio. Ukurasa mmoja unatosha, mwandiko unaosomeka. Mwishoni kabisa ndo uombe saini, uombe kitu kimoja, kwa upole, na umwambie hata kama hatoweza unashukuru. Saini ije nyuma ya barua, isije mbele yake.

Sasa ya kurudi. Stempu ya Tanzania hata ubandike kumi, barua ikitumwa kutokea London hazifanyi kazi, posta ya kule inataka stempu ya kule. Umoja wa Posta Duniani ulikubaliana tangu 1906 kuwe na kuponi ya majibu ya kimataifa, unainunua huku unaiweka ndani ya bahasha, mwenzio anaibadilisha posta ya kwao anapewa stempu. Ila nchi nyingi zimeacha kuziuza, Uingereza waliacha mwisho wa 2011 na Marekani 2013, kwahiyo ulizia dirishani hapo posta ya Lindi, wakikwambia hamna usihangaike nayo. Kama una ndugu au rafiki wa familia kule, muombe akununulie stempu ya kimataifa akutumie uiweke kwenye bahasha ya kurudi. Kwa wanaoandikia Marekani, kuna stempu yao inaitwa Global Forever, ilitoka 2013, moja tu inabeba barua ya gramu 28 kwenda nchi yoyote. Ukikosa yote hayo, weka bahasha ndogo nyepesi yenye anwani yako imeshaandikwa, na kadi moja nyeupe ngumu badala ya picha. Msanii akiwa na moyo atabandika stempu mwenyewe, ila umemrahisishia, hana cha kutafuta zaidi ya stempu wala cha kuandika zaidi ya jina lake.

Anwani yako iwe ya sanduku la posta, la shule au la ofisi ya mzazi, uombe ruhusa kwanza. Ile namba ya nyumba iliyobandikwa 2022 wakati wa zoezi la anwani za makazi unaweza kuiongeza, ila mi bado nalitegemea sanduku. Na posta wana huduma ya Posta Kiganjani ambapo namba yako ya simu inakuwa ndo sanduku lako, kama nyumbani hamna sanduku ulizia hiyo. Neno TANZANIA liandike kwa herufi kubwa mstari wa mwisho.

*

Shangazi, mi niko Shangani hapa Mtwara. Nilimtumia mwigizaji mmoja wa Nairobi picha zake mbili nilizosafisha studio, jamani akasaini kweli akarudisha! Lakini zimefika zimegandana, kuzibandua saini moja ikatoka na rangi, na nyingine imekunjika katikati. Nimeumia. Nifanyeje safari nyingine?
Dada wa Shangani

Pole mdogo wangu, na hongera pia maana kujibiwa sio jambo dogo. Joto letu hili na unyevu wa bahari, picha ya kung'aa ukiigusisha na nyingine zinashikana, ndo tabia yake. Safari nyingine waambie studio wakusafishie kwenye karatasi isiyong'aa, hiyo inapokea wino vizuri na haishikani. Katikati ya picha na picha weka karatasi nyeupe kavu. Halafu chukua boksi la kadibodi, la biskuti au la viatu, kata vipande viwili vyenye ukubwa uleule wa picha au vizidi kidogo, picha zikae katikati, uzungushie kamba nyembamba au uweke gundi ya karatasi pembeni tu, usiweke gundi kwenye picha. Mwandikie msanii kabisa kwamba kadibodi hizo ni za kurudishia. Nje ya bahasha zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, andika kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba kuna picha isikunjwe.

Na bahasha ya kurudi ina ujanja wake. Zile za kulamba gundi hapa Mtwara zinajifunga zenyewe kabla hata hujazitumia, unaifungua droo unakuta bahasha zote zimeziba. Weka kipande cha mfuko wa nailoni chini ya ule mdomo wenye gundi, msanii akiifungua anakitoa analamba anafunga. Ni kitu kidogo ila bahasha iliyojiziba kwa safari ndefu ndo inafanya mtu aiweke pembeni aseme nitatafuta nyingine, na harudi tena.

Peni ya kawaida kwenye picha inateleza, maka peni isiyofutika ndo kazi yake, ila msiitume kwenye barua, wino unavuja. Waigizaji wengi wanazo. Muombe tu kwa mstari mmoja aiache picha ikauke kabla hajaifunga. Kama picha ni ya maana sana kwako tuma kwa rejista, utapewa namba ya kuifuatilia. Na kwa Nairobi kumbuka, ukumbi wao wa taifa, Kenya National Theatre uliofunguliwa 1952, unapokea makundi tofauti, wiki hii hili wiki ijayo lile, kwahiyo barua iende kwa jina la mwigizaji na jina la kundi lake, ukiandika ukumbi peke yake itazunguka.

*

Shangazi samahani. Binti yangu ana miaka 13, anapenda maigizo sana. Kuna akaunti ya Facebook ya mwigizaji wa Marekani imemtumia meseji, wanaongea nae wiki sasa, anamwita rafiki yangu wa Afrika. Juzi kamwambia anunue kadi ya shabiki shilingi 85,000 ndo atumiwe picha iliyosainiwa, na akatoa namba ya simu ya hapahapa Tanzania ya kutuma hela. Mtoto analia nimpe. Nimpe?
Mama wa Magomeni, Mtwara

Usimpe hata mia mama. Huyo sio mwigizaji, ni tapeli, na hiyo ya kadi ya shabiki ni njia yao ya siku nyingi, wanachukua picha za mtu maarufu wanafungua akaunti wanawatafuta mashabiki mmoja mmoja. Msanii wa Marekani anapataje laini ya hapa ya kupokelea hela kwenye simu? Na barua ya shabiki haina kiingilio, unachogharamia ni stempu na bahasha, kwisha. Wapo wasanii wanaouza picha zilizosainiwa, ndio, ila wanauzia kwenye duka lao linalojulikana au kwenye matamasha, hawaji inboksi kumtongoza mtoto wa watu.

Chukua hiyo simu, piga picha skrini meseji zote kabla hujamblock, namba ya tapeli itume kwa 15040, ndo namba ya kuripoti matapeli wa simu. Halafu angalia taratibu mtoto ameshamtumia nini, maana wiki nzima ni maongezi mengi, kama kuna picha zake au jina la shule au mnapokaa unatakiwa ujue leo. Usimgombeze. Analia kwa sababu anajiona anampoteza rafiki, na pia anaona aibu. Mkae mezani mwandike barua ya kweli pamoja kwenda kwenye nyumba ya maonyesho ambapo huyo mwigizaji anafanya kazi, anwani ya kurudi iwe sanduku la kazini kwako, jina lake la kwanza tu, hamna picha ya sare ya shule ndani. Akiona jina lake kwenye bahasha inayokwenda Marekani kilio kitapoa.

*

Mimi ni mwalimu wa sekondari Nachingwea. Tuliwapeleka wanafunzi wa klabu ya maigizo Bagamoyo kwenye tamasha la sanaa, wakaona kundi moja la pale chuoni likaigiza mchezo wa baba aliyerudi kutoka machimboni. Watoto wamerudi hawalali, kila mmoja anataka kuandika na kila mmoja anataka saini, na wapo zaidi ya thelathini. Je si tutawachosha?
Mwalimu, Nachingwea

Mwalimu nakushukuru, kuwatoa watoto Nachingwea mpaka Bagamoyo sio mchezo. Na nimefurahi swali hili limekuja maana yale mengine yote yanakwenda London na New York, wakati waigizaji wetu hapa ndo hawaandikiwi kabisa. Wanapigiwa makofi, wanapigwa picha, wanaenda zao. Pale TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilichoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 kikawa taasisi 2007, kuna vijana wanasomea uigizaji miaka na miaka na sidhani kama wengi wao wamewahi kushika barua ya mtazamaji.

Waache waandike wote. Ila saini thelathini kwa kila mwigizaji ndo usiombe. Fanya hivi, kila mwanafunzi aandike robo ukurasa kuhusu kitu kimoja alichokiona, na mkubaliane wasirudie, huyu aandike kuhusu baba alivyoingia, huyu kuhusu mke alivyokaa akamgeuzia mgongo, huyu kuhusu mpiga ngoma, maana mpiga ngoma na mtu wa mavazi nao walikuwepo na hao ndo wanasahaulika kabisa. We kama mwalimu ongeza barua ya juu yenye tarehe mliyotazama, jina la mchezo na jina la kundi. Vyote kwenye bahasha moja kubwa kwenda kwa uongozi wa taasisi, utaje kundi. Na ndani weka karatasi moja kubwa ngumu, ile ya manila, umeikunja mara moja tu kati, muombe kundi zima lisaini hiyohiyo na kila mmoja aandike alicheza nani. Ikirudi mnaitia fremu ukutani darasani. Na kwa sababu ni hapa nchini bahasha ya kurudi unaibandika stempu zetu kabisa, hamna shida ya kuponi.

Wanafunzi wakubali kwamba saini ni ya klabu, asiondoke nayo mtu kwenda nayo nyumbani akimaliza kidato cha nne.

*

Shangazi naweza kumtumia mwigizaji korosho? Zetu za Masasi ni nzuri hatari.
Msomaji, Masasi

Nzuri kweli, ila usitume. Kitu chochote kisicho karatasi kikienda nje ya nchi kinataka fomu ya forodha, chakula kinaweza kuzuiliwa, na msanii hawezi kula kitu alichotumiwa na mtu asiyemjua hata kama ni kizuri, hiyo ni tahadhari ya kawaida kazini kwao. Mchoree korosho na bibo lake pembeni ya barua.

*

Dada naomba ushauri. Kwenye tamasha la MaKuYa hapa Mtwara, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, nilimuona mchezaji wa mapiko, ngoma ya sura za kuchonga, aliyevaa sura ya mzee, alivyokuwa anatetema mabega na kugeuza shingo nilisahau kama ndani kuna mtu. Nilitaka nimfuate nyuma anisainie daftari, kaka yangu akanivuta mkono akaninyamazisha. Nimekosea nini?
Binti wa Chikongola

Hujakosea kupenda, mdogo wangu, ila kaka yako kafanya la maana. Mapiko ya Wamakonde sio kama mwigizaji wa London. Aliyevaa lipiko, yaani hiyo sura ya kuchonga, anafunikwa mwili mzima makusudi, asijulikane ni nani, na ngoma hiyo imetokana na mambo ya jando ambayo walio nje yake hawaambiwi. Ukimfuata nyuma ukamuomba jina unamwambia avunje kile alichokishika uwanja mzima. Hata kwenye tamasha ambapo ngoma inachezwa mbele ya kila mtu, heshima hiyo inabaki.

Kwahiyo usimtafute yeye. Mtafute kiongozi wa kundi, ukitumia waandaaji wa tamasha, mwambie hayo hayo uliyoniambia mimi, kuhusu mabega na shingo, naye atajua yamfikie nani. Ukitaka jina la mtu, ulizia aliyeichonga sura ile. Wachongaji wengine hawana shida kutajwa na ukikuta anakubali muombe akuandikie jina lake na kijiji chake. Mi naona hilo lina thamani zaidi, maana vinyago vyetu vingi vimekaa makumbusho za Ulaya na aliyechonga hajaandikwa popote.

*

Nimejibiwa na mwigizaji wa Broadway, nimefurahi, ila rafiki yangu kaitazama anasema saini sio ya mkono ni ya mashine. Nitajuaje? Na mwenzangu yeye kaandika hajajibiwa mwaka mzima.
Ruangwa

Igeuze kwenye mwanga pembeni ya dirisha. Ya mkono utaona wino umekolea pale peni ilipoanzia na iliposimama, na kalamu ilivyoipita mistari yake yenyewe. Iliyochapwa pamoja na picha iko bapa, haina hata mng'ao tofauti na picha. Ipo pia mashine inayoshika peni ya kweli, hiyo inaandika kwa kasi moja mwanzo mpaka mwisho na kila nakala inafanana na nyingine kabisa. Kama imeandikwa jina lako juu, kwa mwandiko uleule, hapo pumua, mara nyingi mtu mwenyewe ndo kaandika. Ndo maana nawaambiaga ombeni muandikiwe jina, na msanii nae anapenda hivyo kwa sababu picha yenye jina la mtu haiuziki kirahisi. Hata kama ni ya kuchapwa, kuna mtu ofisini alifungua barua yako akaisoma akatafuta stempu ya kuituma Tanzania, usiitupe.

Mwenzio mwambie mwaka ni mrefu, mchezo ulishafungwa au barua ilipotea, sio kwamba kadharauliwa. Aandike nyingine fupi kupitia wakala. Asiandike kulalamika kwamba ya kwanza haikujibiwa.

*

Kiingereza changu kibovu, niandike Kiswahili?
Mtama

Andika Kiingereza hichohicho rahisi, sentensi fupi fupi, na chini yake aya moja ya Kiswahili kutoka moyoni. Usimpe mtu akuandikie Kiingereza cha ofisini, kitakufuta. Kwa waigizaji wa hapa nyumbani na Kenya andika Kiswahili moja kwa moja.

*

Mwanangu, mimi ni mzee wa Kilwa Kivinje. Miaka ya tisini makundi yalikuwa yanakuja huku kutoka Dar, usiku mmoja unaona ngoma, sarakasi, taarab na maigizo. Kuna mama mmoja alicheza mama mkwe, akaingia na kapu kichwani akalitua bila kusema neno, uwanja mzima tukaanguka kicheko. Jina lake nalikumbuka na nimesikia yupo hai Dar, ameacha kazi. Nilitaka nimwandikie nikaona aibu, mtu mzima mimi, miaka yote hii. Nifanye au niache?
Mzee wa Kivinje

Shikamoo mzee wangu. Fanya, na fanya mwezi huu. Enzi za makundi kama Muungano Cultural Troupe na TOT, yaani Tanzania One Theatre, wasanii wale walikuwa wanalala kwenye malori, wanacheza kwenye viwanja vya mpira, na karibu hakuna aliyewarekodi kwa namna ya kuhifadhi. Mama huyo leo hana mkanda wa kujionyeshea wajukuu. Wewe unalo lile kapu kichwani mwako, na namna alivyolitua, na ukimya wake. Hiyo ni kumbukumbu ya kazi yake na iko kwako na kwa watu wachache waliobaki wa uwanja ule.

Kwenu Kilwa mnajua haya kuliko sisi, Mzee Small, marehemu Said Ngamba, si mtu wa huko huko. Alipofariki 2014 watu walijaa wakisema alivyowachekesha, na mi siku ile nilikaa nikiwaza wangapi walikuwa wamemwambia kabla. Sijui kama uliwahi kumuona jukwaani, ila huyu mama yupo, na anasoma.

Anwani yake kama huna, pitia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, pale Dar, au waulize wasanii wenzake wa kundi lile, wengi bado wanajuana na wanatembeleana kwenye misiba na harusi. Andika kwa mkono wako mwenyewe hata kama unatetemeka, taja mwaka kama unaukumbuka, taja uwanja, taja ulikuwa umekaa na nani. Saini muombe, kwanini usiombe, mwambie aandike jina lake na la yule mama mkwe pia. Weka namba ya simu ya mjukuu wako chini kabisa maana watu wa rika lake wengi watapenda kupiga kuliko kuandika, na uwe tayari kuipokea.

Ukikosa mtu wa kukufikishia, mpe konda wa basi la Mtwara bahasha iliyofungwa, iandikwe kwa Shangazi, mimi nitaitafutia njia mpaka imfikie.